Ombi la Mikono ya Kunjammal

Msimu ule nilikuwa nimejishikiza kupuliza zumari katika hekalu moja kandokando ya mto Kaveri. Miguu yangu haijui kutulia, ila pale ilinizuia ngoma ya Kunjammal. Alikuwa mtumishi wa mungu wa pale: kila jioni alimchezea, kisha akamzungushia taa ya chungu kumwondolea jicho baya. Mjomba wake, mzee Vaithilingam, ndiye aliyemfundisha, na ndiye aliyemgongea mapigo kwa kijiti.

Mama yake Kunjammal, dada wa huyo mzee, alikuwa hoi kijijini ng'ambo ya mto. Kunjammal hakwenda kumuuguza. Alisema dawa anayo miguuni: siku ya sikukuu, mungu akishavishwa mashada mapya, atamchezea kumwombea mama uhai.

Asubuhi ya sikukuu mjumbe akamkuta mzee kisimani. Dada yake amefariki. Na kwetu aliyefiwa ana mwiko, hakanyagi hekaluni mpaka matanga yaishe. Mchezaji mwingine hakuwapo. Mzee akamrudisha mjumbe kimyakimya, akaoga, akajipaka majivu matakatifu kwenye paji la uso, akaingia.

Kunjammal akaigusa ardhi, akaiomba radhi kwa kuikanyaga, akaanza. Sijaona tena mikono ikisema vile. Ilikuwa mgonjwa mkekani, ikawa maji yanayotiwa kinywani, ikawa mtoto aliyeshika upindo wa nguo ya mungu na hataki kuuachia. Wanawake walilia. Mapigo ya mzee hayakukosea. Jasho tu lilimtiririka na kuyaosha yale majivu.

Mzee alimpa habari ya kifo nje, kwenye ngazi za bwawa la hekalu, mpwa wake akifungua njuga. Nilikuwa karibu nikikausha zumari.

"Lini?" Kunjammal akauliza.

"Asubuhi."

Akaziweka njuga chini. "Kwa hiyo, mjomba, umenigongea mapigo nimwombee maiti apone."

Mzee akasema mungu angelala bila taa. Akasema na yeye amefiwa pia. Kisha akainuka, akasema anakwenda kwa kuhani kujishtaki ili hekalu litakaswe.

"Kaa," Kunjammal akamwambia. "Watanyunyiza mkojo wa ng'ombe kila mahali nilipomtaja mama, kama vile ni uchafu. Humwambii mtu. Hilo utakaa nalo mwenyewe."

Akashuka majini na nguo zake, akazamisha kichwa kama afanyavyo aliyefiwa. Mzee akamfuata, akaoga mbali naye. Kuhani alikuwa akipita, akawaona, akaelewa, akasimama juu ya ngazi kuwapa pole. Akauliza habari imefika saa ngapi.

Mzee akamtazama mpwa wake. Kunjammal alikuwa akikamua nywele.

"Sasa hivi," mzee akasema.

"Basi mungu mwenyewe ameizuia njiani mpaka mmalize," kuhani akasema. "Una bahati, Vaithilingam. Amekupenda."

Mzee akabaki majini, maji kifuani. Ilibidi nimvute mkono ili atoke.