Mstari Uliomkwepa Shangazi

Anold alikuwa mjuaji, na mjuaji ukimpa simu yenye ramani umemmaliza. Jioni nzima alikaa kibarazani kwake Same akichora kwa kidole safari ya siku tatu: kupanda hadi kijiji cha Mamba, kukatiza juu milimani, kushukia Maore, hema mgongoni, yeye na mchumba wake Beatha. Alikwisha kumwambia Beatha kwamba milima ile anaijua nje ndani. Uongo mtupu. Kule alikuwa akienda likizo tu, na likizo ya mwisho alipotea nyuma ya nyumba ya shangazi yake Ernesta, akakutwa katikati ya shamba la tangawizi analia, kajikojolea, na choo anakiona. Wala hakuwa mtoto. Ndevu zilishaanza kuchungulia.

Sasa njia ya Mamba inapita mlangoni kwa shangazi Ernesta, na shangazi hana breki. Kwake mgeni hamalizi chai kabla ya kuhadithiwa habari ya tangawizi. Beatha akiyasikia hayo, Anold aliwaza, uchumba kwisha. Basi akauvuta mstari, akauzungusha bondeni, akauvusha mto, akaupandisha genge na kuurudisha njiani mbele ya kanisa. Ramani ikamwonya kuwa hapo pana mwinuko mkali. Akaipuuza. Mwinuko gani unamshinda Ernesta?

Angeishia hapo, heri. Lakini sifa zinaua. Akairusha ramani kwenye kundi la ukoo, ambako mama yake alishamuunga Beatha, ili watu waone kazi.

Shangazi akaikuza mpaka akaliona bati la nyumba yake. Kisha akatuma sauti, na hakugomba, jambo lililomtisha Anold zaidi.

“Anold, mwanangu, mstari wako umefika kwangu ukachepuka. Ukipita Mamba bila kunisalimia, posa yako atakwenda kuisema nani?”

Kwenye ukoo wao msemaji wa posa ni shangazi. Amemkimbia ili asimkose Beatha, kumbe ndiye wa kumpatia Beatha! Akaifungua ramani aunyooshe mstari. Bora aibu kuliko useja.

Akakuta umeshanyooshwa. Beatha, ambaye naye alikuwa na ruhusa ya kuibadilisha ramani, ameupitisha mlangoni kwa shangazi, na juu ya lile bati ameandika: “Hapa tunalala. Shangazi amenipigia, ya tangawizi yote nimeyasikia. Njoo na suruali ya akiba.”