Blanketi Ndani ya Piano

Penseli ndiyo iliyomuumbua mume. Mwalimu wa muziki aliigonga kwa kiwiko akifungua ukurasa, ikateleza na kutumbukia ndani ya piano kupitia mfuniko uliokuwa wazi. Akafyonya. Akabandua ubao wa mbele ili aitoe, na badala ya penseli akakutana na blanketi.

Lilikuwa lile la manjano la mwanawe alipokuwa mchanga, alilolitafuta mpaka akachoka. Lilikuwa limekunjwa vizuri na kubanwa kati ya nyuzi na zile nyundo ndogo zinazozigonga, kona hadi kona, likimeza sauti. Blanketi halijipeleki lenyewe ndani ya piano.

Mara mbili alikuwa amefeli mtihani wa kupiga piano wa stashahada ya juu ya muziki. Nadharia alishafaulu, tena kwa alama za kutambia, lakini ukifeli kupiga mara ya tatu, nadharia nayo inafutwa na unaanza upya kabisa. Mara ya tatu ilikuwa keshokutwa. Na watahini, mwaka juzi na mwaka jana, walimwambia neno lile lile: unagonga. Hata palipoandikwa upige kwa upole, unagonga.

"Wazee wale hawana masikio," mumewe alimwambia mara zote mbili, akimfuta machozi. "Wana chuki na wewe tu."

Na alipolalamika kwamba piano ya nyumbani imefifia sauti, mume huyo huyo alimjibu bila kupepesa macho, "Imezeeka, mke wangu. We kaza mkono." Naye akakaza! Alikaza mpaka vidole vikasahau namna nyingine. Shuleni alikofundisha kulikuwa na kinanda cha umeme tu, sauti unaipandisha na kuishusha kwa kitufe, kwa hiyo hakikumshtua kwamba mkono umekuwa mzito, na kwenye mtihani woga ulimziba masikio.

Jamani, kuna watu wana roho ngumu. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa miaka miwili, na usiku unalala fofofo!

Mume aliporudi kutoka kazini alikuta blanketi limetandazwa juu ya meza ya chakula.

"Nilitaka kukwambia," akasema.

"Lini? Nikishafeli tena?"

"Ni kwa ajili ya mama. Unajua kichwa chake, akisikia kelele..."

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mama mkwe akatoka polepole, mkono mmoja ukutani.

"Kichwa changu kimefanya nini?"

Mume akainama kufungua kamba za viatu, kazi ambayo ghafla ilikuwa ngumu sana.

"Anasema piano ilikuwa inakuumiza, mama," mwalimu akasema. "Ndiyo maana akaiziba."

"Mimi?" Mama mkwe akalitazama blanketi, kisha piano iliyoachwa wazi. "Mimi nilidhani masikio yangu yanakufa. Nikaogopa hata kusema. Nabandika sikio ukutani nimsikie mkwe wangu, sisikii." Akamgeukia mwanawe. "Wewe ulitaka kusikia mpira wako kwenye televisheni."

Mume akaendelea kufungua kamba zile zile.

Mwalimu alitamani kumtupia blanketi lile usoni. Badala yake akakaa, akapiga. Glasi zikalia kabatini. Akafika kwenye ile sehemu ya upole, nayo ikatoka kama mtu anayepigilia misumari. Kwa mara ya kwanza akasikia walichokisikia watahini. Walikuwa na masikio mazuri tu, na yeye aliwatukana miaka miwili.

"Punguza kidogo, mke wangu," mume akasema kwa mazoea.

Mama mkwe akavuta kiti karibu na piano, akalipakata blanketi.

"Unagonga, mwanangu."

"Najua, mama."

"Haya, rudia."

Akarudia, ikagonga. Akarudia tena. Kipande kilitaka mikono mitulivu, na yake ilikuwa imejaa hasira, na zilikuwa zimebaki siku mbili. Hilo, mumewe kumnyang'anya hata utulivu wa siku mbili hizo, ndilo alilojua hatamsamehe.