Dereva Dirishani

Kazi yangu ni picha za pasipoti. Mteja anakaa kwenye stuli, anafunga mdomo, anafumbua macho, nabonyeza, kwisha. Kwa hiyo Mama aliponiagiza nimpige picha mdogo wangu akiendesha treni, nilijiona naweza. Nilijidanganya mchana kweupe.

Mama hakuwa akiinuka tena kitandani, jicho moja tu ndilo lililokuwa bado na nuru kidogo, na daktari alikwisha kutuambia tujiandae. Hakuwahi kumwona mwanawe kazini. Kila jioni, treni ya haraka ilipopiga honi ng'ambo ya mji, aliinua kidole na kusema, "Huyo mwanangu." Alitaka amwone pale dirishani kabla siku yake haijafika.

Mdogo wangu alikataa kupigwa picha kituoni. Tangu agonge mtu mwaka uliopita, hakutaka hata kutajiwa treni. Uchunguzi ulimsafisha, akarudi kazini, na sisi wawili tukakubaliana Mama asijue.

"Dada, ukitaka nipige nikipita," aliniambia, kama anayefukuza kuku.

Basi nikabeba kamera. Nilichagua kona ya nyuma ya kiwanda cha matofali, kwa kuwa treni hupunguza mwendo pale. Hupunguza, ndiyo, ila kwa mtu aliyezoea stuli bado ni balaa. Picha ya kwanza nilibonyeza niliposikia honi, nikapata reli tupu. Ya pili nilisubiri, nikapata mkia wa behewa la mwisho. Iliyofuata ilikuwa uji mtupu, huoni dirisha wala gurudumu. Nikaongeza kasi ya shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, picha ikatoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Kamera nayo kila ikihangaika kutafuta fokasi, treni imeshakwenda zake. Taratibu nikajifunza kuilenga mapema nguzo moja ya kando ya reli na kufunga fokasi hapo, kutanua miguu, kuifuata treni kwa kiuno tangu ikiwa mbali, na kuendelea kugeuka nayo hata baada ya kubonyeza.

Mlinzi wa kiwanda alikuwa akija kunicheka. "Dada, hiyo treni imekukosea nini?"

"Imembeba mdogo wangu," nilimjibu, na sikuwa na hamu ya utani.

Hatimaye uso ukatoka, lakini macho yamefumba. Nikasonya, nikaifuta. Studio kwangu picha ya macho yaliyofumba haifiki hata kwenye printa. Jioni iliyofuata ikawa vilevile, nikafuta tena. Niliilaumu mikono yangu, nikalilaumu jua, nikamlaumu na yeye kwa kupepesapepesa tangu utotoni. Mama alikuwa ameacha kula. Nikaitegesha kamera ipige mfululizo, kutoka nguzo hadi nguzo, ili katika rundo zima nipate hata moja.

Sikupata. Nilikaa studio nikizipitia, na katika zote, tangu nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, mdogo wangu alikuwa na mkono kwenye breki, taya zimekaza, macho amefumba. Mtu hapepesi hivyo. Nyuma yake mabehewa yalijaa watu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Asubuhi nilimfuata kwake, nikamwekea picha mezani kando ya chai yake. Aliziangalia moja moja.

"Ni hapo?" nilimuuliza.

"Ni hapo. Alikuwa anavuka na ndoo kichwani. Aligeuka, dada, akaniangalia." Alizipanga zile picha vizuri, pembe kwa pembe. "Nikifika nguzo ile nafumba. Nikifumbua, hayupo."

"Na siku akiwepo mwingine?"

Alisukuma kikombe cha chai pembeni.

"Nenda kawaambie wakubwa zako. Usipoenda wewe, naenda mimi."

"Sijui kazi nyingine."

"Najua."

Nilimchukia kwa kunifanya niseme vile, na nikajichukia mwenyewe zaidi. Alivaa sare yake, akazitia picha mfukoni, akatoka.

Jioni nilirudi konani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Treni ikaja, na mikono yangu sasa ilikuwa imeijua kazi. Picha ilitoka safi kuliko zote: dirishani mwanamume nisiyemfahamu, amevaa kofia ya kazi, anatazama mbele. Nikapitia studio nikaichapisha. Nilijua ninachofanya.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu kwenye kiti kando ya kitanda, hana sare. Alikuwa amemwambia Mama kapewa likizo.

"Umempata?" Mama aliniuliza.

Nilimtazama mdogo wangu. Alinyoosha mkono, akaichukua picha, akaiangalia, kisha akampa Mama yeye mwenyewe. Mama aliisogeza karibu na lile jicho moja lililobaki likiona kidogo.

"Huyu hapa," alisema. "Kofia imemkaa kama ilivyomkaa baba yake. Hebu jione, mwanangu."

"Nimejiona, Mama. Naangalia mbele."

"Sasa dereva ataangalia wapi tena?" Mama alisema, akacheka kidogo, akaiweka picha kifuani.