Tairodi ya Pikapu

Dolphine alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na tisa, na katika madarasa yote hayo hakupata mjinga mwenye raha kama mdogo wake Sydney. Pijo 404 yake, iliyopita nusu karne, ilikuwa juu ya jeki kwenye gereji moja ya Kitengela, iking'aa kama kiatu cha gwaride. Asubuhi hiyo ilikuwa impeleke mama yao kanisani Kajiado. Mama alisubiri kwenye kiti cha plastiki, kilemba kichwani. Wenzake wa kanisa alikwisha kuwaambia anakuja na gari la mwanawe.

"Tairodi mpya," Sydney alisema, akigusa chuma kinachounganisha usukani na gurudumu. "Usukani haitetemeki tena."

"Mpya ya gari gani?"

Fundi Ngigi alicheka. "Mwalimu, za Pijo hakuna. Hii ni ya pikapu. Zote ni tairodi."

"Na punda na ng'ombe wote wana miguu minne."

Ngigi akazungusha usukani. "Ona vile iko laini!"

Dolphine aliinama akalitazama gurudumu. Gurudumu lililo hewani halibebi kitu, na lisilobeba kitu halilalamiki.

"Fungua."

"Mwalimu, mimi niko na miaka kumi kwa hii kazi..."

"Basi umekosea miaka kumi. Fungua."

Tairodi ilipochomoka, kikaanguka kipande cha bati la mkebe wa soda.

"Na hiki?"

"Ya kujazia. Ilikuwa inacheza kidogo."

Dolphine alipaka chaki kwenye shina la tairodi, akalisukuma kwenye tundu la Pijo bila bati, akalizungusha, akalitoa. Lingekaa sawasawa, chaki ingefutika kote. Ilifutika ukingoni tu, duara jembamba kama uzi. Hapo ndipo uhai wa mama yao ulipokuwa umefungwa.

"Sista, tutaenda polepole," Sydney alisema.

"Na malori ya barabara ya Namanga, umeyaambia?"

Sydney akamgeukia mama yake. "Mama, twende. Ngigi atarudisha dakika mbili."

Mama akainuka, akatengeneza kilemba, akaelekea garini.

Dolphine akaokota nati ya kukazia tairodi, akaitia mkobani, akafunga zipu. Kisha akamshika mama mkono hadi stejini.

Basi la Kajiado lilikuwa limeipita Isinya mama aliponena.

"Umemwaibisha mdogo wako mbele ya fundi."

"Aibu haivunji shingo, mama," Dolphine alisema, akamfungulia dirisha.