Sikio la Norbert

Katika nyumba ile hapakuwa na mtu mkali wa desturi kumshinda Corinne Yurick. Nyumba yenyewe ilikuwa shule ya parokia iliyokwisha kufungwa, juu ya kilima upande wa kusini wa Pittsburgh, na kila majani yanapoanza kupukutika ilipokea wasanii wachache, mwaka huo Corinne akiwa mmoja wao, waliotaka kufanya kazi ya sanaa kuhusu Wamanyoya. Wamanyoya, kwa asiyewahi kuishi nao, ni watu wazima wenye akili zao timamu, wahasibu, wauguzi, mafundi wa mitambo, ambao kila mmoja ana mnyama wake wa moyoni. Wengine humshonea mnyama huyo mwili mzima wa manyoya ya bandia, wakamvaa, wakatoka naye barabarani. Kila kiangazi hufurika mjini maelfu kwa maelfu kwa mkutano wao, na wenyeji wamekwisha kuzoea kupanga foleni ya kahawa nyuma ya mbweha.

Desturi kuu ni hii: kichwa cha mnyama kikishavaliwa, mdomo umefungwa. Mnyama hasemi. Anapunga mkono, anainama, anamkumbatia anayetaka kukumbatiwa, na neno la lazima husemwa na mwongozaji wake, yule anayemshika kiwiko asianguke ngazini, maana aliye ndani ya kichwa haoni miguu yake. Wala kichwa hakivuliwi mbele za watu. Wiki ya kwanza tu, msanii mmoja kutoka New York, aliyekuja na sanduku la nguo na magunia ya maneno makubwa, alikivua kichwa chake cha sungura mlangoni ili ajikune pua. Mtoto wa jirani akaona, akalia mpaka jioni kwamba sungura amekatwa kichwa. Corinne akaitisha kikao. Akapendekeza adhabu: anayevunja desturi atafua mavazi ya nyumba nzima, na jasho lake lote. Wote wakaunga mkono, sungura akafua. Wahenga walishasema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Shida ya Corinne ilikuwa baba yake. Leonard Yurick aliishi kaskazini, mwendo wa saa tatu kwa gari, huko ambako msimu wa kuwinda kulungu ukifunguliwa hata shule hufungwa. Alikuwa mwindaji, tena fundi wa kujaza ngozi za wanyama. Ukimpelekea kulungu uliyempiga, anakurudishia kichwa kilichokodoa macho ya kioo, tayari kutundikwa sebuleni.

Corinne alipokuwa na miaka kumi na mmoja, kulungu dume mmoja alizoea kuja nyuma ya nyumba yao kula matufaha yaliyoanguka. Alikuwa na pengo kwenye sikio la kushoto, alipochanwa na seng'enge ya uzio. Mtoto akampa jina, Norbert. Msimu ulipofunguliwa, baba akarudi na kulungu kwenye gari. Corinne akauliza kama ni Norbert. Baba akasema siye, na ukibisha, mtazame masikio. Na kweli, kichwa kilipotundikwa juu ya televisheni, masikio yote mawili yalikuwa mazima. Lakini siku moja nyumba haina mtu, Corinne alipanda kiti, akapitisha kidole kwenye sikio la kushoto, akakuta nta.

Hakusema. Ukoo wa Yurick hausemi. Akakua, akahama, na kwa miaka zaidi ya ishirini baba na binti walizungumza kuhusu hali ya hewa na matairi ya gari, kisha simu ikapewa mama.

Basi wiki ile ya kwanza Corinne alipiga simu nyumbani, mama yake katoka, na mzee akauliza kwa adabu tu kwamba siku hizi anafanya nini.

"Natengeneza kichwa cha kulungu, Baba."

Upande wa pili kiti kikasikika kikivutwa.

"Dume au jike?" baba akauliza. "Na macho umeyapata wapi?"

Corinne alidhani mzee amefunguka akili. Akamweleza habari za pembe, za manyoya mafupi ya usoni na marefu ya shingoni, na maneno yakamwagika kama maji saa nzima. Jumapili iliyofuata simu iliita, na aliyepiga ni baba mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu Corinne ajue kushika simu. Alikuwa na mawaidha kuhusu pua. Jumapili ya tatu walijadili macho tena, kisha mzee akauliza, "Na ngozi umeitia chumvi ya kutosha?" Hapo ndipo Corinne alipoelewa. Baba yake aliamini kwamba binti amerithi ufundi wa nyumbani. Ngozi yenyewe ilikuwa nailoni, imenunuliwa dukani kwa mita. Angeweza kusema. Lakini aliisikia ile sauti upande wa pili, imechangamka, inamngoja, akajibu, "Ndiyo, Baba. Ya kutosha."

Uongo nao huzaa. Mama yake alimwambia kwamba mzee amewatangazia wenzake wote wa klabu ya wawindaji. Kisha mzee mwenyewe akasema atakuja siku ya wageni, wasanii wanapoonyesha kazi zao, na atamletea zawadi ya ngozi mbichi ndani ya sanduku la barafu. Corinne akamwambia siku hiyo ni Jumapili, na ilikuwa Jumamosi. Alipanga ampokee peke yake, kila kitu kimefichwa kabatini, atoe udhuru wowote ule, mradi zile simu zisikatike. Kuonekana na mkia hakukumtisha; angeweza kutembea na mkia mbele ya gavana. Alichoogopa ni kurudi kwenye matairi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Corinne alikuwa ndani ya kulungu wake, juu ya jukwaa, feni ndogo ya ndani ya kichwa ikimvumia puani na jasho likimshuka mgongoni kama mfereji. Mwongozaji wake siku hiyo alikuwa Wendell, mfinyanzi kutoka Ohio, ambaye kwa kawaida ni mbweha, ila mkia wake ulikuwa umeungua jikoni alipogeuka kuchukua chumvi. Kupitia wavu wa macho Corinne aliona watu na glasi zao za mvinyo. Kisha akaona kofia ya rangi ya chungwa, ile wanayovaa wawindaji wasije wakapigana risasi wao kwa wao. Chini ya kofia alikuwa baba yake, amebeba sanduku la barafu.

Corinne akataka kukimbia, lakini ngazi ya jukwaa haioni. Akamfinya Wendell. Wendell, mtu mwema, akadhani ana kiu, akaleta maji na mrija mrefu akautumbukiza mdomoni mwa kulungu, akakosa, ukamwingia Corinne puani.

Mlangoni Leonard alikuwa akimuulizia binti yake kwa Odette Brannigan, mkurugenzi wa nyumba. Odette akamtazama kulungu, akaikumbuka desturi, maana kumtaja aliye ndani nako ni mwiko.

"Corinne hayupo," akasema. "Yupo Norbert."

Mzee aliweka sanduku chini taratibu, kama mtu ambaye limemwia zito ghafla. Muda si muda wageni wawili walikuwa wamesimama mbele ya sanduku hilo wakilitafakari, na mmoja akasema ndiyo kazi yenye ujasiri kuliko zote humu ndani.

Leonard alimzunguka kulungu, mikono nyuma, kama anavyomkagua yeyote anayeletwa karakanani kwake.

"Pembe hizi za nini?" akamuuliza Wendell.

"Sponji, mzee."

"Sponji." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeambiwa jogoo ametaga. "Na sikio hili la kulia nani kaliweka? Mnyama anatetemeka mwili mzima, halafu sikio limetazama mbele, kama anangoja chai. Sikio la kulungu halikai tu, bwana mdogo. Linaifuata sauti."

Wendell akakubali kwamba sikio lina kasoro. Mzee akahamia upande wa kushoto. Akanyoosha kidole ili aonyeshe kasoro nyingine, na kidole kikaingia kwenye pengo. Lilikuwa pengo la makusudi, limepindwa na kushonwa ukingo wake kwa uzi mwembamba. Kidole kikabaki pale.

Kisha baba yake akatazama chini. Ukwato mmoja ulikuwa umepanda juu ya mwenzake, jinsi Corinne alivyosimama tangu utotoni kila alipopelekwa kung'olewa jino. Alipoona anatazamwa akaushusha, lakini alikuwa amechelewa.

Leonard akavua kofia.

"Norbert," akasema. Akajikohoza. "Sikukujua, bwana. Ilikuwa alfajiri, ukungu umejaa, mimi niliona pembe tu. Nilipokufikia ndipo nikaliona sikio. Nikakaa chini palepale kwenye majani, nikajiuliza, sasa yule mtoto nitamwambia nini?" Akaikunja kofia mikononi. "Nikaliziba kwa nta. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Na kila jioni nikikaa kutazama mpira, unanitazama wewe. Unisamehe."

Halafu mtu akapiga makofi, wakafuata wengine, na mama mmoja mwenye miwani mikubwa akawa anajipangusa machozi na kuuliza msanii huyu mpya ni nani na ametoka wapi.

"Makofi ya nini?" Leonard akawageukia. "Naongea na kulungu hapa."

Makofi yakazidi.

Ndani ya kichwa Corinne alikuwa analia, na feni ikimrudishia machozi usoni. Alijua desturi. Ni yeye aliyeisimamia, yeye aliyeipigia kikao. Lakini baba yake alikuwa ametua mzigo wake mbele ya umati, na wa kwake alikuwa bado kaubeba, na aliona aibu kubaki nao peke yake.

"Baba," kulungu akasema, "ile ngozi sikuitia chumvi."

Wendell akaangusha mrija. Kule nyuma sungura wa New York aligeuka polepole, na ingawa uso wake ni wa sponji, furaha yake ilionekana.

"Najua," Leonard akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile ile ya chumvi. Uliniambia macho ni ya wavu. Nani anamwekea kulungu wa ukutani macho ya wavu? Nikamuuliza mama yako, akanionyesha picha kwenye simu. Na kwamba siku ya wageni ni Jumamosi, alinitajia yeye." Akaivaa kofia yake. "Ila hakuniambia kama ni huyu."

"Sasa mbona uliendelea kunipigia?"

Mzee akatazama pembeni, kwenye ukuta usio na kitu.

"Ningepiga niulize nini? Matairi?"

Corinne alimshika baba yake kwa mikono miwili ya manyoya, akamkumbatia, pembe moja ikaitupa ile kofia hadi miguuni pa Odette. Leonard alisimama wima kama nguzo kwa muda, kisha akampigapiga kulungu mgongoni, akasema ndani humo kuna joto la tanuri, mtu atakufa.

"Na hiyo ngozi mbichi?" Corinne akanong'ona.

"Ngozi mbichi saa tatu ndani ya gari? Mimi nina wazimu? Ni mikate ya nyama na bia." Alimshika kiwiko, akamwondoa Wendell kwa bega. "Haya, ngazi hii. Ya chini ni fupi. Taratibu."

Wale waliokuwa wakilitafakari sanduku walipoona linafunguliwa na mzee anatoa bia, walisogea nyuma kwa heshima.

Adhabu ni adhabu. Jioni ile Corinne alifua, na sungura akaleta kiti ili amtazame vizuri. Leonard alibaki kusaidia. Alipoonyeshwa chupa ya kupulizia, yenye vodka na maji, akaambiwa kwamba ndiyo inayoua harufu ya jasho ndani ya vichwa, alisema amejaza wanyama miaka arobaini na hajaona mbwamwitu akinyweshwa pombe na mwenye kiu akanyimwa. Alipuliza kichwa kimoja, akaonja kidogo, akapuliza kingine. Kisha akaomba sindano, akalifumua lile sikio la kulia, akamwonyesha binti yake linavyokaa la mnyama anayesikiliza.

Jumapili iliyofuata simu iliita wakati wake ule ule. Corinne akapokea, akaanza na habari za mama. Baba yake akamkatiza.

"Nipe Norbert kwanza," akasema. "Nina neno naye."

Kichwa kilikuwa mezani, sikio la kulia limegeuka kidogo upande. Corinne akakivaa. Akaiingiza simu chini ya manyoya, na kwa kuwa kulungu hasemi, akanyamaza. Upande wa pili baba yake akajikohoza, akavuta kiti, akaanza kuzungumza.