Choo cha Kangaga

Mama mkwe wangu, Bi Kheiria, hakubali kushindwa, hata na jani. Mdogo wake Rahila, wa Unguja, alipomletea kangaga, mmea wa msituni Pemba, alimwambia, "Dada, huku Maskati kwenu halimalizi mwezi." Tangu hapo nyumba yetu ya mtaa wa Azaiba haikupata raha.

Alilitia sebuleni, mahali pa heshima, baina ya kiyoyozi na chetezo cha udi. Mume wangu Thabit aliyatazama yale majani mapana, akasema ni mgomba, akaanza kungojea ndizi. Mimi niligeuza jani moja. Chini yake mistari ya kahawia ilipangika kama meno ya kitana, na Bi Kheiria alishafika na kitambaa cha siki.

"Wadudu hao! Nipishe niwapanguse."

"Mama, wadudu hawapangi safu. Hizo ndizo mbegu zake. Mgomba hauna hizo, kangaga ndilo lililo nazo."

Siki akaiweka kando, lakini ncha za majani zilizidi kukauka. Nikamwambia ukweli: linataka kivuli na mvuke, na mvuke nyumba hii uko katika choo cha wageni tu, chenye bafu.

"Zawadi ya mdogo wangu nnaitia chooni? Astaghfirullah!"

Akanuna. Lakini jani kubwa lilipojikunyata, machozi yakamlenga, nami nikamhurumia, mbishi yule. Ndipo akatoa hukumu: kangaga haliendi chooni, choo ndicho kitakachoacha kuwa choo. Mfuniko wa choo ukafungwa kwa utepe, kangaga likawekwa kando ya bafu, likafunguliwa maji ya moto kila jioni lipate mvuke, na sote, wageni kwa wenyeji, tukawa tunapanga foleni ghorofani. Thabit alinung'unika kila asubuhi, taulo begani. Kangaga likanawiri, likachomoza majani mapya yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga.

Rahila alikuja Idi. Hata buibui hajavua, akauliza, "Liko wapi?"

Bi Kheiria akababaika. Kutamka "chooni" mbele ya mdogo wake, ulimi ulikataa. Nikaufungua mlango mwenyewe.

Rahila aliingia, akakaa juu ya mfuniko, akalipapasa jani.

"Si choo tena hiki," Bi Kheiria akaanza kujitetea, "tangu lini mtu..."

"Dada, nigaie mbegu," Rahila akamkatiza. "Langu la Unguja limekufa. Nililitia sebuleni, chini ya kiyoyozi, watu walione."

Nilidhani Bi Kheiria atacheka. Hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa bafu, akamshika mdogo wake mkono, akamuuliza kwa upole:

"Kwako vyoo vingapi?"