Moyo wa Inchi Tisa

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mwashi alijitupa kitandani, na kabla mkewe hajapitisha uzi kwenye sindano ya cherehani, alikuwa anakoroma. Mke alikuwa fundi nguo na chumba chao cha kulala ndicho kilichokuwa karakana yake. Alishona sare ya shule, sikio moja likiwa kitandani. Mkoromo ukapanda, ukakwaruza, ukakatika. Kifua cha mwashi kilihangaika bila hewa kuingia. Ukuta wa dirishani ukasogea ndani upana wa kidole, ukaisukuma meza ya cherehani. Ndipo mwashi akagutuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kulala. Mke akaivuta meza, akamalizia pindo.

Ilikuwa hivyo kila alipolala: pumzi ikikatika, kuta zinanenepa. Mwenye nyumba alikuja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema nyumba inazidi kuwa imara na hata joto litapungua. Shemeji, mdogo wake mwashi, alikipunguza kitanda kwa msumeno. Kabati likahamia sebuleni. Mwishowe cherehani nayo ikatolewa nje, mvua ikainyeshea, ikashika kutu, na wateja wakatafuta fundi mwingine.

"Baba yake naye alikoroma hivi hivi," alisema mama mkwe kwa fahari. "Mtaa mzima ulijua mwenyewe yupo."

"Alikufa kwa ugonjwa gani, mama?"

"Ugonjwa gani tena? Alilala tu, hakuamka."

Wiki hiyo hiyo mke alimburura mumewe hospitali. Daktari alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kipimo, akawaonyesha moyo kwenye skrini.

"Ukuta huu wa kushoto umenenepa," alisema. "Ukilala koo linaziba, hewa inapungua kwenye damu, presha inapanda. Moyo unasukuma kwa nguvu zisizo zake. Misuli inajaa na kukakamaa, na chumba chake hakipokei damu inavyotakiwa. Ukiuacha hivyo, moyo utachoka."

Aliweka mezani mashine ndogo ya kusukuma hewa na barakoa yake, ya kuvaa kila anapolala. Wangeweza kuondoka nayo siku hiyo hiyo.

Lakini mwashi alikuwa ameshika maneno mawili tu: ukuta umenenepa. Tangu aanze kushika mwiko hakuwahi kulaumiwa kwa ukuta mnene. Kuta zinazoanguka ni nyembamba. Alirudi kazini na bashasha, akawatangazia wenzake kwamba moyo wake ni wa inchi tisa, unene wa ukuta wa nyumba imara, nao wakampa mkono wa pongezi. Mashine aliiacha pale pale kwa daktari.

"Nivae bomba puani nyumbani kwangu?" alimwambia mkewe. "Watu si wataniona mgonjwa?"

"Wewe ni mgonjwa, baba."

"Na ukuta ule wote?"

Mke alikasirika. Na bado alimpenda, hilo ndilo lililomfunga. Angehamia sebuleni, nani angemgutusha?

Mlango ulipogoma kufunguka, mwashi alichukua nyundo na tindo, akatoboa tundu la kupita mtu. Kazi ikamchosha, akajinyoosha kidogo. Alipoamka tundu lilikuwa limezibwa na plasta imepigwa vizuri kuliko yake. Akaipapasa kwa kiganja.

"Fundi huyu hana mchezo," alisema, akatoboa tena.

Chumba kilipobaki cha mtu mmoja, mama mkwe na shemeji waliitisha kikao. Mashine hawakuitaja, na mke alipoitaja, shemeji aliuliza kama chai ipo. Walikubaliana kwamba mke ana umbo dogo, akilala ubavu atatosha. Wakamshukuru kwa uvumilivu wake.

Mchana huo alijipenyeza, mgongo ukutani, uso kwenye fulana ya mumewe. Pumzi nzima haikuingia. Alivuta nusu, akaitoa, akavuta nusu nyingine. Mkoromo ukakatika. Akampiga kiwiko cha mbavu, akampiga tena, hadi mwashi akavuta hewa yote iliyokuwa baina yao. Ukuta ulikuwa umeshaanza safari. Ukambana mke begani, ukatulia.

"Mke wangu," mwashi alisema, macho yamefumba, "hebu sogea kidogo."

Hapakuwa na pa kusogea. Akasogea.